Kiyeyusho

Gurudumu la mbele, la kushoto, lilikuwa linalia.
Nikalitia tone la mafuta niliyoomba jikoni,
na kitanda cha Bi Enid Murgatroyd
kikatoka wodini kimya kama siri.
"Glide," akasema, macho darini,
neno moja, kama mtu anayeonja mchuzi.
Kisha: "Kwenu mnasemaje?"

Mimi ni msukuma vitanda, hospitali ya Leeds
ambayo wenyeji huiita Jimmy,
kama mtoto wa jirani.
Hilo "kwenu" huwa linanichoma.
Siku ile halikunichoma. Nikapekua.

Teleza? Hapana. Anayeteleza hakupanga.
Serereka hushuka tu, haijui tambarare.
Elea haina safari.
Nyiririka ni mali ya maji.
Ambaa, karibu kabisa, lakini ambaa
hutaka ukingo wa kuufuata,
na korido ile ilikuwa nyeupe pande zote.

Lifti ikafunguka penye picha za mifupa, jibu sina.
Nikampa methali, kama muuza duka
asiye na chenji anavyokupa peremende:
kuteleza si kuanguka.
Akacheka mpaka nyonga ikamkumbusha.
"Mwanangu, Jumanne, kwenye barafu,
nje ya duka la chipsi,
mimi nilifanya vyote viwili."

Tulingoja dakika arobaini. Akanisimulia.
Anakaa Gledhow, na Gledhow ni kilima cha mwewe.
Watu wa kale walimwona ndege yule
asiyepiga bawa, anayeukata upepo bila kuukwaruza,
wakachukua kitenzi wakamvika kuwa jina:
glida, mpita-laini.
Baadaye wakampiga risasi, wakamtegea sumu,
mpaka akatoweka. Kilima kikabaki na jina,
kama shati la marehemu msumarini.

"Sasa wamerudi," akasema. "Mababu zao
waliletwa kutoka Uhispania."
Ndege waliopanda ndege!
Na vibali vyote mkononi, bila shaka.
Hapo nikavuta kiti.

Mimi mwewe namjua kwa kelele.
Korogwe, mama alipiga sufuria kwa mwiko,
vifaranga chini ya tenga, upesi,
na hakuna hata mmoja wetu
aliyewahi kuinua uso kuusifu ule mwendo.
Ukiibiwa, husifii hatua za mwizi.

Usiku, wakati wa chai, nikafungua kamusi kwenye simu.
Wapo wanaodai glide ni ndugu yake glad,
wapo wanaoukataa undugu huo.
Ila glad yenyewe, zamani, haikuwa furaha:
ilikuwa ulaini, mng'ao, kitu kisichokwama.
Nikalifikiria gurudumu.
Nikafikiri: basi furaha yangu ya leo
imenigharimu tone moja la mafuta.

Na chini kabisa, maana ya mwisho,
ile ya walimu wa sauti:
glide ni w, ni y, sauti inayopita kinywani
bila kugusa ukuta.
Hiyo naijua! Kidato cha tatu, ubaoni, chaki ya njano:
kiyeyusho.
Wao walitazama wakaona barafu na mtu juu yake.
Sisi tulitazama
tukaona barafu ikikutana na jua.

Ijumaa nilimkuta amesimama,
mikono yote miwili kwenye fremu ya kutembelea,
akiburuta mguu kama mtu anayehamisha kabati.
Nikamwambia, nimekuletea chenji yako.
Si kitenzi. Ni ndege. Sema: mwewe.

Akajaribu. "Mu... wewe."
Nikacheka, kwani humo ndani alikuwa ameniita.
Akarudia, akakwama palepale.
Mara ya tatu midomo ikajikunja, ikafunguka,
m ikayeyukia kwenye w,
na neno likapita juu ya kitanda, juu ya fremu,
juu ya sakafu iliyopigwa deki,
halikupiga bawa.